Fundi Aliyekubali Kufundishwa: Maisha ya Alexander Mackay

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: Danieli 1, Nehemia 2:11–18, Kutoka 35:30–35, Matendo 18:1–4, 1 Kor. 9:19–23, 2 Tim. 2:2, 24, 25; Yohana 12:24.

Fungu la kukariri: 1 Wakorintho 9:22. Likariri kutoka katika Biblia yako.

Anayesafiri leo kwa treni kutoka Dodoma kwenda Tabora hupita Manyoni na Itigi, mkoani Singida. Hukaa kwenye kiti, akanunua maji dirishani, na kabla hajachoka amekwisha fika. Katika siku za misafara nchi hiyo iliitwa Mgunda Mkali. Lilikuwa pori la kutembea siku nyingi, maji yake haba, na wapagazi walilivuka kila mmoja akiwa na mzigo wa frasila mbili hivi begani au kichwani.

Mwaka 1878 Mskoti mmoja wa miaka 28 aliivuka nchi hii ya kati, ambayo sasa ni mkoa wa Singida, akielekea Ziwa Victoria. Jina lake Alexander Mackay. Kazi yake ilikuwa uhandisi. Mbele yake, ng'ambo ya ziwa, alikuwa Kabaka Mutesa wa Buganda, aliyekuwa ameomba walimu. Vifaa vilikuwa vimetangulia kwa misafara: mashua iliyogawanywa vipande vipande, sehemu za injini ya mvuke, mashine ya kuchapa, zana za uhunzi na useremala, na masanduku ya vitabu. Kuviunganisha vyote hivyo na kuvifanya vitumike kwa ajili ya Injili ndiyo kazi aliyokabidhiwa.

Mackay hakuwa Mwadventista. Wamishonari wa kwanza wa Kiadventista walipofika Upare mwaka 1903, yeye alikuwa amelala kaburini miaka 13. Lakini maisha yake yanagusa jambo linalowakuta waumini wengi wanaopewa kusimamia kazi ya kitaalamu mahali pageni: kisima, zahanati, shule, kiwanda au ofisi. Ujuzi wanao. Desturi za kazi za mahali pale hawazijui. Je, wabadilike kiasi gani? Na wasimame wapi?

JUMAPILI: Mtoto wa mchungaji katika kiwanda cha Berlin

Mackay alizaliwa Oktoba 13, 1849, katika kijiji cha Rhynie, Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji, na ndiye aliyemfundisha nyumbani miaka ya kwanza. Wazazi walitamani mwana wao naye awe mchungaji. Yeye alipenda mashine. Alisoma ualimu na uhandisi huko Edinburgh, na mwaka 1873 akaenda Ujerumani kujiongezea ujuzi.

Berlin ndiko alikojifunza kwanza kuwa mgeni kazini. Aliajiriwa kama mchoraji wa mitambo. Lugha ya karakana haikuwa lugha ya mama yake, wala utaratibu wa kazi haukuwa ule aliouzoea. Wenzake wengi hawakujali mambo ya dini. Kijana wa namna hiyo anaweza kufanya moja kati ya mambo mawili: kujitenga na wenzake ili ailinde imani yake, au kuiweka imani yake mfukoni ili apendwe. Mackay hakufanya hata moja. Alijifunza Kijerumani mpaka akakimudu, akajifunza namna Wajerumani wanavyopanga kazi, na baada ya muda akapandishwa kuwa mkuu wa idara ya injini za garimoshi katika kiwanda. Wakati huohuo alikaa karibu na familia ya mchungaji iliyompokea, akasali na kusoma Neno pamoja nao.

Danieli na wenzake walifanya hivyo Babeli. Soma Danieli 1:3–8. Walikubali kujifunza lugha na elimu ya Wakaldayo. Hata majina mapya waliitwa. Lakini Danieli alikuwa amekwisha amua moyoni, kabla sahani haijaletwa mezani, ni kitu gani hatakubali. Angalia pia namna alivyokataa: aliomba kwa heshima, akampa msimamizi njia ya kumjaribu bila kumwingiza hatarini.

Mwishoni mwa mwaka 1875 magazeti ya Uingereza yalichapisha barua ya msafiri Henry Stanley. Ilisema kwamba Mutesa anataka walimu, na kwamba anayehitajika huko ni Mkristo anayejua kazi za mikono. Mackay aliona wito wake umefika. Aliacha cheo na mshahara, akajiunga na Chama cha Misheni cha Kanisa la Uingereza, na Aprili 1876 akaondoka pamoja na kundi la watu wanane. Siku ya kuagana aliionya kamati kwamba kabla ya miezi sita kupita wangesikia mmoja wao amekufa, akawasihi wasikate tamaa siku hiyo bali wamtume mwingine mara moja. Yeye ndiye aliyekuwa mdogo kuliko wote.

Danieli alijifunza mambo mengi ya Babeli na kukataa machache. Mahali unapofanya kazi, ni desturi zipi unaweza kujifunza bila kuivunja amri ya Mungu? Je, umekwisha amua moyoni zile utakazokataa, au unangoja sahani ifike?

JUMATATU: Barabara iliyompa somo

Mpango uliotoka Ulaya ulionekana mzuri. Mzigo wote ungepelekwa kwa mto kadiri ilivyowezekana, kisha kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Kutegemea mabega ya watu kulionekana ni njia ya polepole na ya gharama.

Mackay alianza na mito. Aliingia Wami kwa mashua, kisha Ruvu, ambao wakati huo Wazungu waliuita Kingani. Yote miwili ilimrudisha. Ilijipinda na kuwa na kina kidogo, haikufaa. Msafara ukaenda kwa miguu, na alipofika Ugogo homa ikamwangusha mpaka ikabidi arudishwe pwani. Mwaka 1876 uliisha akiwa mgonjwa, na wenzake wakiwa mbele.

Mwaka 1877 akapewa kazi nyingine: kufungua barabara ya magari kutoka Saadani mpaka Mpwapwa, umbali wa kilomita 370 hivi. Alikusanya watu, wakashika mashoka, majembe na misumeno, wakakata misitu, wakavuka makorongo, wakatandika miti kwenye matope. Barabara ilifunguliwa. Lakini mvua ilipokuja magari yalizama, na ng'ombe waliumwa na mbung'o wakafa. Ramani na mahesabu ya Ulaya hayakuwa na mbung'o ndani yake.

Wakati magari yamekwama, misafara ya Wanyamwezi iliendelea kupita. Ilikuwa na kirangozi aliyeijua njia, ilikuwa na kambi zake, ilijua kisima kipi kina maji mwezi upi, na ilijua ni mtawala gani adaiye hongo kabla ya kupita. Mgeni aliweza kuiona kuwa ni kazi isiyo na mpangilio, kumbe mpangilio ulikuwapo tangu kabla hajazaliwa. Na mwishowe mzigo wa misheni ulifika ziwani kwa mabega hayohayo ya wapagazi.

Nehemia alipopewa kujenga ukuta wa Yerusalemu alikuwa na barua za mfalme na mbao za mfalme. Hata hivyo alipofika alikaa siku tatu, kisha akaondoka usiku na watu wachache kukagua, bila kutangaza lolote. Soma Nehemia 2:11–18. Alitazama kwanza. Baadaye akasema na wenyeji, na alipowaita, aliwaita wajenge pamoja naye. Mithali 18:13 inamwonya mtu anayejibu kabla hajasikia. Mkuu wa mradi anayefika na jibu tayari hujifunza kwa hasara, na mara nyingi anayeilipa ni mwingine.

Kwa nini Nehemia alinyamaza siku zile za kwanza? Taja jambo moja mahali pako pa kazi lililoonekana ni uzembe, na baadaye ukagundua lina sababu yake.

JUMANNE: Mashua iliyokatwa ili ipone

Juni 1878 Mackay alifika Kagei, kusini mwa ziwa. Habari alizozikuta zilikuwa nzito. Daktari John Smith alikuwa amekufa kwa homa mwaka uliotangulia. Luteni Shergold Smith na O'Neill walikuwa wameuawa Ukerewe Desemba 1877, katika ugomvi kati ya mtawala Lukonge na mfanyabiashara aitwaye Songoro. Katika wale wanane wengine walikuwa wamerudi kwa ugonjwa, na mwingine alikuwa amefia Unguja. Waliobaki kazini ni yeye na C. T. Wilson.

Vifaa alivikuta vimerundikwa bandani. Vyuma vilikuwa na kutu, vitabu na nafasi zake vimechanganyikana na misumari, mchwa walikuwa wamepita. Akavaa nguo za kazi, akaanza kupangua, kusugua na kuunganisha. Wenyeji walikaa kumtazama. Mashua iliyoitwa Daisy nayo ilikuwa imepasuka kwa jua na mawimbi, akaiziba.

Kabla ya kuondoka alifanya jambo lisilo la ufundi wa vyuma. Watu wa Kagei walimsihi asiende Ukerewe, maana walijua damu iliyomwagika huko. Yeye akaenda bila silaha, akaketi na Lukonge, akasikiliza upande wake wa habari ile, wakapatana. Angeweza kuanza kazi kwenye ziwa akiwa na adui nyuma yake. Alichagua kuanza na amani.

Safari ya kuvuka kwenda Buganda iliwatupa ufukoni. Dhoruba ilikipasua chombo katikati. Mackay na Wilson wakaikata sehemu ya kati iliyoharibika, wakazitumia mbao zake kuponya mbele na nyuma, kisha wakaunganisha vipande viwili kuwa mashua moja fupi zaidi. Kazi hiyo ilichukua majuma manane hivi, kwenye pwani ya watu wasiowajua, na watu hao waliwatendea wema. Novemba 1878 wakafika Buganda.

Daisy iliyofika haikuwa ile iliyochorwa Uingereza. Ilikuwa imepoteza urefu wake ili isipoteze safari. Paulo anaeleza jambo la namna hiyo katika 1 Wakorintho 9:19–23. Alikuwa huru, lakini alijifanya mtumwa wa wote. Aliacha haki zake nyingi, chakula alichokizoea, heshima aliyostahili, lakini hakuiacha Injili, wala hakujihesabu kuwa hana sheria mbele za Mungu. Vilivyokatwa vilikuwa vyake mwenyewe.

Kuna sehemu gani ya mazoea yako, elimu yako au cheo chako ambayo Mungu anaweza kutaka ikatwe ili chombo kifike? Utajuaje kwamba unachokata ni mazoea na si imani?

JUMATANO: Karakana ya Natete

Huko Natete, karibu na ikulu, Mackay alijenga nyumba na karakana: tanuri la mhunzi, mashine ya kukerezea, jiwe la kunolea. Buganda ilikuwa na mafundi wake hodari, wahunzi, wajenzi wa nyumba na mitumbwi, watengenezaji wa nguo za magome ya mti. Lakini utaratibu wa kazi ulikuwa wake. Kila jambo lilitoka kwa Kabaka na kurudi kwa Kabaka. Mtu angeweza kuketi barazani nusu siku akingoja kuitwa. Fundi angeweza kuacha nyundo leo kwa sababu mkuu wake amemwita vitani. Na kulima kulikuwa kazi ya wanawake, si ya mwanamume mwenye jina.

Mgeni huyu aliyekaribishwa barazani pamoja na wakuu alirudi nyumbani, akakunja mikono ya shati, akashika jembe na nyundo mwenyewe. Alichimba kisima akakifunga pampu, na watu waliozoea kuteka maji bondeni wakashangaa kuyaona yakipanda juu. Siku ambazo chakula cha ikulu hakikuletwa, kazi ya mikono ndiyo iliyomsaidia kupata chakula, kama Paulo alivyoshona mahema pamoja na Akila (Matendo 18:1–4).

Lugha yake ya kwanza ya kazi ilikuwa Kiswahili. Mutesa na watu wengi wa ikulu walikielewa, na Mackay alisoma mbele yao Maandiko ya Kiswahili yaliyotafsiriwa Unguja chini ya Askofu Steere. Hakuishia hapo. Alijifunza Kiganda, akaanza kutafsiri, akachapa karatasi za kujifunzia kusoma. Vijana walijaa karakanani kwa sababu ya mashine. Wengi walikaa kwa sababu ya herufi. Mkono mmoja ulishika koleo na mwingine ulishika karatasi.

Mwaka 1882 mama yake Mutesa, Namasole, alifariki. Kabaka alitaka maziko makubwa kuliko yote, akamwamuru Mackay atengeneze majeneza matatu, moja ndani ya jingine, la ndani likiwa la shaba. Mhandisi wa garimoshi alikuwa sasa mtengeneza majeneza. Mafundi wengi wa Kabaka waliwekwa chini yake, kila kundi na mkuu wake na kiburi chake, na kazi ilifanyika usiku na mchana. Angeweza kusema kwamba hakuja Afrika kwa kazi hiyo. Lakini kumheshimu mama aliyekufa hakukuvunja amri yoyote ya Mungu, na mfiwa alikuwa akiomba msaada. Aliifanya vizuri.

Soma Kutoka 35:30–35. Roho wa Mungu alimjaza Bezaleli ujuzi wa dhahabu, shaba, mawe na mbao. Kisha angalia aya ya 34: yeye na Oholiabu walipewa pia moyo wa kufundisha. Ujuzi usiofundishwa huzikwa pamoja na mwenye nao.

Katika Kutoka 35, kwa nini Mungu aliunganisha ufundi na kufundisha? Unapoongoza kazi, ni nani anayejifunza kutoka mkononi mwako?

ALHAMISI: Mahali pa kusimama, na mahali alipojikwaa

Mtu anayezoea haraka desturi za mahali anaweza kuzoea kila kitu. Hilo halikumpata Mackay. Desemba 1879 palizuka habari kwamba kuhani wa Mukasa, roho wa ziwa, angeletwa ikulu kumtibu Kabaka aliyekuwa mgonjwa. Wakuu walitaka iwe hivyo. Mackay alijua Mutesa anamsikiliza kwa sababu anamhitaji, na alijua kunyamaza kungemlinda. Alisema wazi barazani kwamba ibada hiyo haipatani na kumwabudu Mungu mmoja. Baraza likaamua kinyume. Kabaka akatangaza kwamba dini za wageni, ya Kikristo na ya Kiislamu, ziwekwe kando, na watu warudie njia za zamani. Kwa muda wanafunzi waliogopa kuja. Pia alilaumu mbele ya wakuu uvamizi wa kuteka watumwa, ijapokuwa mali ya wengi wao ilitoka huko.

Hapo alisimama mahali pa amri. Lakini maisha yake yana ukurasa mwingine, na kikundi kisiuruke. Februari 1879 mapadre wa Kifaransa walianza kufika, miongoni mwao Padre Lourdel. Mackay na Lourdel walibishana mbele ya Mutesa, kila mmoja akilishambulia kanisa la mwenzake. Kabaka na wakuu wakawaangalia wageni wawili wanaomtaja Kristo mmoja wakigombana kwa hasira. Mutesa alijiuliza, na kwa haki, ni yupi katika hao anayejua ukweli. Mackay aliamini alikuwa akilitetea Neno. Ukweli wa Neno unastahili kutetewa. Lakini 2 Timotheo 2:24, 25 inaeleza namna mtumwa wa Bwana anavyopaswa kuutetea, na namna ile haikuwa hiyo.

Kusimama na kugombana hufanana kwa mbali, na anayefanya mara nyingi ndiye wa mwisho kuona tofauti. Danieli alipokataa chakula cha mfalme, msimamizi wake alibaki rafiki. Alipoendelea kuomba madirisha yakiwa wazi, hakumtukana mtu (Danieli 6). Katika habari ya Mukasa, Mackay alikuwa na jambo la kulinda kuliko nafasi yake. Katika ugomvi na Lourdel, huenda alikuwa akiilinda nafasi yake pia.

Hata hivyo Neno lilikuwa limekwisha ondoka barazani, likaingia nyumbani. Mwaka 1881 kijana mmoja aitwaye Sembera alileta barua. Aliiandika mwenyewe, kwa ncha ya bua na wino wa masizi, akiomba kubatizwa kwa sababu ameamini habari za Yesu. Machi 18, 1882, yeye na wenzake wanne walibatizwa. Sembera alichagua jina la fundi aliyemfundisha kusoma, akaitwa Sembera Mackay.

Tofautisha kusimama kwa ajili ya amri ya Mungu na kushindania heshima yako. Ni dalili gani zinazoweza kukuonyesha kwamba umevuka mstari? Linganisha Yakobo 1:19, 20.

IJUMAA: Kazi iliyobaki fundi alipoondoka

Mutesa alikufa Oktoba 1884. Mwanawe Mwanga, kijana, alitawala akiwa amezungukwa na hofu ya Wazungu na washauri waliochochea hofu hiyo. Mwishoni mwa Januari 1885 vijana wa misheni walikamatwa. Mackay na mwenzake Robert Ashe walikimbia huku na huku kuwaombea kwa Katikiro, bila mafanikio. Januari 31 vijana watatu, Kakumba, Serwanga na mdogo wao Lugalama, walichomwa moto. Oktoba mwaka huo Askofu Hannington aliuawa Busoga. Juni 1886 Wakristo wengi, Waprotestanti na Wakatoliki pamoja, walichomwa Namugongo.

Hapa kuna uchungu ambao somo hili haliwezi kuupunguza. Ufundi wa Mackay ulimfungulia mlango wa ikulu, na ufundi huohuo ukawa kamba. Mwanga alimruhusu Ashe aondoke mwaka 1886, akamzuia Mackay. Mikono yake ilikuwa na thamani kwa mfalme, wakati uhai wa wale aliowafundisha haukuwa na thamani. Alibaki karibu mwaka mzima peke yake kati ya Wazungu wa misheni yake, akitafsiri na kuchapa, akipokea usiku waumini waliojificha. Wakati wa mateso, mashine ya kuchapa iliyobebwa na wapagazi tangu pwani ilitoa barua ndogo ya Kiganda ya kuwatia moyo waliotawanyika.

Jambo moja lilikuwa limefanyika mapema. Mwaka 1885, hatari ilipokuwa dhahiri, wamishonari waliweka baraza la wazee wa kanisa, Waganda watupu, ili kundi lisibaki bila uongozi kama wageni wangefukuzwa au kuuawa. Soma 2 Timotheo 2:2. Julai 1887 Mackay aliondoka Buganda. Kanisa halikufa. Waliojifunza kusoma karakanani waliwasomea wengine majumbani.

Yeye alihamia Usambiro, kusini mwa ziwa. Akaanza tena: akafyatua matofali, akapasua mbao, akaanza kutengeneza mashua mpya, akaendelea kutafsiri Injili ya Yohana kwa Kiganda. Stanley alipita hapo mwaka 1889, akamkuta kazini. Watu walimshauri arudi kwao apumzike, kwa maana hakuwa ameiona Uskoti tangu 1876. Hakutaka kuondoka kabla hajaja wa kumpokea kazi. Februari 8, 1890, homa ilimlaza. Alikuwa na miaka 40. Mashua ilikuwa haijakamilika. Baadaye mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, kati ya watu aliowafundisha, akingoja asubuhi ya ufufuo pamoja nao.

Kama kazi yake ingepimwa kwa mpango wa mwaka 1876, ingeonekana imeshindwa: barabara iliharibika, mashua ilikatwa, injini haikubadili ziwa. Kilichodumu ni kile alichokiweka ndani ya watu. Soma Yohana 12:24.

Maswali ya kujadili:

1. Mhandisi Mwadventista anatumwa kutoka jijini kusimamia uchimbaji wa kisima kirefu katika kijiji cha Mkalama, mkoani Singida. Ana ratiba ya mkandarasi. Wazee wa kijiji wanataka kwanza kikao, na akina mama wanaoteka maji wanapendekeza mahali tofauti na alipopima yeye. Mafundi wake wamezoea kufanya kazi siku zote saba. Jadilini: ni mambo gani hapa anapaswa kubadilika yeye, ni yapi wazungumze mpaka waelewane, na ni lipi asilokubali? Atalisemaje hilo la mwisho kwa mfano wa Danieli 1?

2. Katika kikundi chenu, kuna mtu aliyewahi kuongozwa na mgeni aliyekataa kusikia? Kuna aliyewahi kuwa mgeni huyo? Ni nini kilichosaidia pande zote mbili kupona?

3. Mackay alikuwa na manufaa kwa mfalme, na manufaa hayo yalimlinda yeye bila kuwalinda wanafunzi wake. Mkristo mwenye cheo anawajibika namna gani kwa walio chini yake wanaoumia kwa ajili ya imani?

4. Kama ungeondoka kazini kwako kesho, ni nini kingesimama bila wewe? Huduma za kanisa lenu je: shule ya Sabato, kwaya, mabaraza ya mahubiri? Amueni, kabla ya Sabato ijayo, mtu mmoja ambaye kila mmoja wenu ataanza kumfundisha.